Magodoro ya inchi 8: duka moja la Mtwara na wateja ambao lilidhani linawajua

Kabla ya kisa

Duka ninaloliandikia bado lipo na linafanya kazi, kwa hiyo jina lake, mtaa wake na vijiji tulivyokwenda nimeviacha. Mwenye duka nitamwita Mama Duka. Tarakimu za mauzo nimezigeuza kidogo, uwiano wake ni ule ule, na mwenyewe amesomewa habari hii akaridhia. Ni shangazi wa mke wangu. Nilikuwa nikifundisha masomo ya biashara, ndiyo maana aliniita, na nikamsaidia kwa misimu miwili ya korosho. Baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu. Nimeyaandika kwa urefu kuliko mafanikio kwa sababu humo ndimo tulimojifunzia.

Duka na hali yake

Mama Duka aliuza vyombo vya plastiki sokoni kwa miaka mingi kabla ya kufungua duka la magodoro Mtwara mjini. Mtaji ulikuwa akiba yake na mkopo wenye marejesho ya kila wiki.

Godoro ni bidhaa ngumu. Mtu akinunua leo, hamtaonana tena kwa miaka. Linakula nafasi, halibebeki kirahisi, na likikaa dukani miezi mitatu nailoni yake inafubaa, mteja anapitisha kidole kwenye vumbi na kushusha bei. Anayeuza magodoro hawezi kujaza kila saizi. Inabidi achague: nne kwa sita, tano kwa sita au sita kwa sita, inchi 4, 6, 8 au 10. Akichagua saizi amekwisha kuchagua mteja, hata kama hajui kwamba amemchagua.

Mama Duka alimchagua mfanyakazi. Alikumbuka miaka ya ujenzi wa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015, mji ulipojaa wageni waliopanga nyumba na kununua vitu vizito bila kuvutana sana juu ya bei. Mwezi wa Agosti akaagiza magodoro 60, na 42 kati yake yalikuwa ya inchi 8, tano kwa sita na sita kwa sita. Kufika mwisho wa Oktoba ya inchi 8 yalikuwa yametoka 9.

Akashusha bei. Yakatoka 4, na mawili kati ya hayo yalinunuliwa na mwenye duka mwenzake. Novemba fedha ya korosho ikaanza kuingia Tandahimba na Newala. Watu wakashuka mjini, wakajaa maduka ya bati na ya pikipiki. Kwake walisimama mlangoni, wakatazama, wakaendelea na safari. Hapo ndipo aliponipigia simu.

Dodoso lililotudanganya

Nilifanya kama nilivyokuwa nikifundisha darasani. Niliandika dodoso la maswali 18, nikawatuma vijana wawili wa chuo sokoni na stendi, wakahoji watu 80. Tuliuliza umri, jinsia, kazi, kipato cha mwezi, kama mtu ana mpango wa kununua godoro ndani ya miezi sita, angependa la inchi ngapi, na angelipa kiasi gani. Kisha nikawagawa kwa umri na kipato, nikachora majedwali mazuri.

Zaidi ya nusu walisema wana mpango wa kununua. Wengi walisema wanapenda inchi 8. Mama Duka alifurahi mno, akaongeza magodoro 15 ya inchi 8 kwa mkopo mwingine. Kufikia Februari yalikuwa yametoka 3. Usiku wa siku tuliyoyahesabu sikulala vizuri, maana deni lile lilikuwa limepita mikononi mwangu.

Nikarudi kwa baadhi ya waliohojiwa, wale waliokuwa wamekubali nirudi. Mzee mmoja, mkulima wa korosho aliyekuja mjini kwa mwanawe, nilimwamkia, tukakaa, nikamwuliza kuhusu jibu lake.

"Mwanangu," akasema, "kijana wako aliniuliza ninachopenda, nikamwambia. Nani hapendi kulala pazuri?"

Nikamwuliza, na mpango wa kununua je?

"Hela ya korosho haihesabiwi ikiwa ghalani."

Alinieleza. Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa mnadani, ndipo fedha inaingia benki. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007. Mwaka 2018 wanunuzi waligoma kwa bei iliyotakiwa, na mwezi Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulikabidhi jeshi kazi ya kuzisomba. Ukafuata uhakiki, na wapo waliosubiri malipo yao kwa miezi. Yeye alikuwa mmoja wao, na alikuwa ameshakopa bati kwa ahadi ya fedha ile. Tangu hapo, akasema, hapangi. Siku fedha imeingia ananunua kilicho mbele yake, akikosa anaendelea na mengine.

Nimerudia maneno yake mara nyingi darasani. Swali langu la "una mpango wa kununua ndani ya miezi sita" halikuwa na maana yoyote kwa mtu ambaye maisha yamemfunza kutopanga. Na swali la kipato cha mwezi lilikuwa baya zaidi. Mkulima wa korosho hana kipato cha mwezi. Waliohojiwa walitaja namba yoyote ili kijana aendelee na swali lingine, na mimi nikazichukua namba zile nikazijumlisha. Kulikuwa pia na adabu ya kawaida: mtu wa huku hamvunji moyo kijana aliyesimama juani ameshika karatasi. Atakuambia ndiyo.

Daftari, benchi na gulio

Tulianza upya kwa kazi tatu, na dodoso halikuwemo.

Ya kwanza ilikuwa daftari. Mama Duka alikuwa na vitabu vya risiti vya miaka miwili, mauzo 214 kwa jumla. Tuliandika tarehe, saizi na unene wa kila godoro, na pembeni chochote alichokumbuka kuhusu mnunuzi. Alikumbuka mengi kuliko nilivyotarajia: huyu alikuja na mama yake, huyu alilipa kwa noti ndogo ndogo zenye harufu ya samaki, huyu alirudi mara tatu. Tukabandika karatasi ukutani, mwezi mmoja mstari mmoja, kila godoro nukta moja.

Nukta hazikutawanyika. Zilikaa mafungu mafungu. Palikuwa na fungu dogo la mwisho wa kila mwezi, ambalo ni mishahara. Palikuwa na mafungu makubwa ya Januari na Julai, karibu yote magodoro membamba ya futi mbili na nusu, ambayo ni wanafunzi wa bweni: kidato cha kwanza wanaripoti Januari, cha tano wanaripoti Julai, na fomu ya kujiunga inataja godoro. Lakini palikuwa na mafungu mengine madogo ambayo hatukuyaelewa. Kila mwezi yalikuwepo, ila yalihama polepole: kwanza tarehe za mwisho, mwaka hivi baadaye katikati, kisha mwanzo. Nilikwisha kuyaita ya bahati nasibu.

Binti anayemsaidia Mama Duka dukani ni mtu wa pwani. Alikuwa akifagia. Akasimama, akaitazama karatasi, akauliza, "Hizi si siku za giza?"

Akaleta kalenda yenye miandamo ya mwezi. Zililingana. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri pale ambapo hakuna mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, mashua nyingi za dagaa hupumzika. Kwa hiyo nyumba ya mvuvi wa dagaa ina fedha siku za giza na siku chache baada yake, halafu inakauka. Kisha binti akatuonyesha vifungu vingine vidogo zaidi ambavyo sisi hata hatukuwa tumeviona, viwili kwa mwezi. Hayo, alisema, ni bamvua. Wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu maji hupwa mbali sana, miamba inabaki wazi, na watu, wengi wao wanawake, wanashuka kuchokoa pweza. Mimi kwenye majedwali yangu nilikuwa na kundi moja lililoitwa "wavuvi". Kumbe walikuwa makundi mawili, kila moja na siku zake za kuwa na fedha, na hili la pili lilikuwa la kina mama.

Kazi ya pili ilikuwa benchi. Nilikaa dukani siku 12, nikaandika habari za walioingia wakatoka bila kununua. Mauzo yako kwenye daftari, lakini anayeondoka mikono mitupu hakuna anayemwandika popote. Nilichokiona ni kwamba karibu nusu walikuja wawili au watatu. Mwanamke ndiye aliyelibonyeza godoro kwa kiganja na kulikalia, mwanamume ndiye aliyeuliza bei, kisha wakatoka nje kuzungumza. Na swali lililoulizwa kuliko yote baada ya bei lilikuwa: "Litafikaje?" Godoro la nne kwa sita inchi 6 likikunjwa na kufungwa kamba linakwenda na bodaboda hadi stendi na linapakiwa juu ya basi. La sita kwa sita inchi 8 halikunjiki namna hiyo. Basi linalidai nauli ya mtu, wakati mwingine ya watu wawili, na ukishuka barabarani bado kuna njia ya kwenda nyumbani.

Ya tatu ilikuwa gulio. Tulikwenda kijiji kimoja cha Tandahimba siku ambayo wengi walikuwa wamerudi na fedha. Wafanyabiashara walikuwa wamefika kabla yetu: vitenge, masufuria, redio, na magodoro ya inchi 6, nne kwa sita, yamekunjwa kama mikeka. Nikauliza bei. Godoro lile lile, la kiwanda kile kile, lilikuwa shilingi 15,000 juu ya bei ya dukani kwa Mama Duka. Na yalikuwa yananunuliwa. Miezi mitatu tulikuwa tumeshusha bei tukiamini kwamba bei ndiyo tatizo, na hapa watu walikuwa wakilipa zaidi bila kulalamika. Nikamwuliza mama mmoja kama anajua bei za mjini.

"Najua. La mjini rahisi," akasema, "lakini la mjini liko mjini."

Siku hiyo nilizungumza na wanunuzi 30, na niliwauliza habari za kitu walichokwisha kununua tu: umelinunua lini, ulikuwa na nani, atalilalia nani. Sikuuliza wangependa nini. Swali la mwisho ndilo lililofungua mlango. Wengi walikuwa wananunua kwa ajili ya mtu mwingine. Mama aliyezeeka, mwali aliyetoka unyagoni, kijana anayekwenda bweni. Wanaume watatu walikuwa wakiwanunulia wapwa zao. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana wajibu wake. Dodoso langu lingemwandika mjomba huyo: mwanamume, miaka 52, inchi 8. Alinunua inchi 4, futi mbili na nusu.

Tulivyowagawa upya

Wazo la kugawa soko katika makundi lilielezwa waziwazi na Mmarekani Wendell Smith mwaka 1956, na mwaka 1968 mwenzake Russell Haley akaonya kwamba umri na kipato vinaeleza walionunua lakini vinatabiri vibaya watakaonunua. Yeye alipendekeza kugawa kwa faida ambayo mtu anaitafuta katika bidhaa. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa miaka mingi nikiwa na mifano ya nchi nyingine. Sisi, kwa yale tuliyoyaona, tuligawa kwa mambo mawili: fedha inaingia lini, na godoro atalilalia nani.

Yakatoka makundi ambayo Mama Duka aliyaita mifuko, na jina hilo likabaki. Mfuko wa mnada ni wa wakulima wa korosho, Novemba hadi Januari, na kwa sehemu fedha ya ufuta kuanzia Juni; unataka inchi 6 inayokunjika, na unataka godoro lifuate fedha ilipo. Mfuko wa giza na mfuko wa bamvua ni wa pwani: fedha ndogo, ya mara kwa mara, isiyotosha godoro kwa mkupuo. Mfuko wa bweni una siku zake kamili. Mfuko wa mwisho wa mwezi, ule wa wafanyakazi ambao duka zima lilikuwa limejengwa juu yake, ulikuwa upo kweli, ila ulikuwa mdogo kuliko yote isipokuwa wa bamvua, na wenyewe walikuwa wameshanunua magodoro yao zamani.

Maamuzi na sababu zake

Magodoro ya inchi 8 yaliyobaki tuliyauza kwa bei ya kununulia kwa mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa akifungua vyumba vipya. Mama Duka hakupenda. Alitaka kuyashikilia hadi msimu ujao. Tulipiga hesabu ya riba kwa kila wiki ambayo yangekaa, na hesabu hiyo ndiyo iliyomshawishi.

Kwa mfuko wa mnada tuliamua kukodi kirikuu, gari dogo la mizigo, na kupeleka nne kwa sita na tano kwa sita za inchi 6 vijijini, bei ikiwa katikati ya ile ya dukani na ile ya gulio. Kwa mfuko wa bweni aliagiza mapema Desemba na kuweka pamoja godoro, shuka, chandarua na ndoo, kwa kufuata orodha za fomu ambazo wazazi wenyewe walikuja nazo.

Kwa mifuko miwili ya pwani tulifungua daftari la kudunduliza. Kina mama walikuwa wameshazoea upatu na VICOBA, kwa hiyo halikuwa jambo geni. Mama analeta alichonacho kila bamvua au kila giza, anaandikiwa kwenye kadi na kwenye daftari, akitimiza bei anachukua godoro. Bei haipandi akiwa njiani, na akitaka kuacha anarudishiwa chake chote.

Tulikataa jambo moja. Kijana mmoja alishauri tukusanye namba za simu za wateja wote na kuwatumia matangazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu aliyekuachia namba ili umwambie godoro limefika hakukuachia ili umpigie kelele kila wiki. Tuliandika namba za wale tu waliosema tuwapigie, na tukawaambia ni kwa ajili ya nini.

Msimu wa kwanza

Kirikuu kilikwenda safari 3 na magodoro 48, yakauzwa 41. Ya bweni yalitoka 37 Januari peke yake. Daftari la kudunduliza lilianza na watu 31, na kufikia Julai, watu 22 kati yao walikuwa wamechukua magodoro yao. Mkopo ulilipwa. Mama Duka alipaka duka rangi.

Msimu wa pili

Tuliondoka na magodoro 40, tukiwa na uhakika wa watu waliokwisha kushinda mara moja. Tulijua mnada umefanyika. Tulifika, tukashusha turubai, tukakaa siku nne. Watu walikuja kuangalia, wakabonyeza, wakasema tungojee. Usiku wa tatu mvua ikanyesha, turubai likapasuka, magodoro 11 yakalowa. Tulirudi na 26, haya 11 yakiwemo.

Ilituchukua muda kujua kilichobadilika. Msimu wa kwanza dereva wetu alikuwa mwenyeji wa vijiji vile, na kila kabla ya kuondoka alikuwa akiwapigia simu ndugu zake kuwauliza kama malipo yametoka. Hatukumwomba afanye hivyo. Hatukujua hata kwamba anafanya. Msimu wa pili yeye alipata kazi nyingine, tukachukua dereva mwingine, na uchunguzi mzima ukaondoka pamoja naye.

Nami nilikuwa nimerudia kosa la "wavuvi" kwa jina lingine. Niliwaita "wakulima wa korosho" kana kwamba wanalipwa siku moja. Kila chama cha msingi kinalipwa kwa kadiri mzigo wake ulivyofika ghalani na mnada ambamo umeuzwa. Kijiji hiki kinaweza kuwa na fedha wiki hii, na jirani yake wiki mbili baadaye. Zaidi ya hapo, fedha inaingia benki, na benki iko mji wa wilaya. Mkulima anapanda gari kwenda kuitoa, na sehemu nzuri inabaki kwenye maduka ya karibu na benki kabla hajarudi kijijini. Tulikuwa tumeusubiri mfuko upande wa mwisho wa njia yake.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi, na Mama Duka mwenyewe ndiye aliyetaka liandikwe. Agosti ya mwaka ule, rejesho lilipombana, alichukua fedha ya kudunduliza akalipa mkopo, akiamini ataijaza kabla mtu hajaja. Wakaja kina mama wawili wa pweza waliokuwa wametimiza. Magodoro hayakuwepo. Walisubiri wiki tatu. Hawakumtukana, mmoja alimwambia tu, "Mama, hii ni miguu yangu juu ya miamba." Habari ikafika pwani yote, watu 6 wakaja kuchukua chao, na hao walilipwa siku ile ile kwa fedha aliyoiazima kwa ndugu.

Baada ya hapo utaratibu ulibadilika. Fedha ya kudunduliza inakaa kwenye akaunti yake peke yake, na kina mama wawili waliochaguliwa na wenzao wanaona salio kila mwezi. Mtu akifika nusu ya bei, godoro lake linanunuliwa, linaandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito na kuwekwa juu ya rafu mahali anapoliona akipita. Wanne kati ya wale sita walirudi.

Kilichofaa na kisichofaa

Kilichotufaa zaidi kilikuwa daftari la zamani. Lilikuwepo muda wote, halikuhitaji gharama, na lilikuwa na ukweli ambao watu 80 hawakuweza kutupa, kwa sababu lilieleza yaliyokwisha kutendeka. Ila daftari peke yake lisingetosha. Nukta za giza nilikuwa nimeshazitupa. Aliyezisoma ni binti aliyekulia kwenye nyumba ya mvuvi, na sasa kila ninapomsaidia mwenye biashara yoyote kusoma mauzo yake, wanaofanya kazi ya chini kabisa dukani huwa naomba wawepo.

Kushusha bei lilikuwa kosa ambalo duka nyingi zinalirudia, na naelewa kwa nini: bei ndiyo kitu pekee ambacho mwenye duka anaweza kukibadilisha asubuhi moja. Hatukuwa na ushahidi hata mmoja kwamba bei ndiyo tatizo. Siku moja gulioni ilitosha kutuonyesha.

Kugawa kwa mifuko kulifanya kazi kwa sababu kila mfuko ulitudai jambo tofauti la kufanya: saizi nyingine, mahali pengine, siku nyingine, malipo ya namna nyingine. Makundi yangu ya mwanzo, vijana na wazee, kipato cha juu na cha chini, hayakudai tofauti yoyote. Tungewauzia wote godoro lile lile kwa namna ile ile.

Udhaifu upo, na haujaisha. Wale 30 wa gulioni wote walikuwa wamenunua kitu. Ambao hawakununua hawakuwa gulioni, na hatukwenda kuwatafuta majumbani. Kati yao wapo waliouza korosho zao kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa kichochoro aliyewapa fedha kidogo kabla ya msimu, wakati wa njaa na palizi. Kangomba imepigwa marufuku, kwa hiyo mtu hawezi kukuambia. Atasema naye anasubiri malipo. Nadhani baadhi ya waliotuambia "ngojeeni" kwenye ile safari ya mvua walikuwa hao, watu ambao mnada ungepita na wao wasipate kitu. Kwenye hesabu zetu wamo ndani ya mfuko wa mnada, na mfuko huo hawana.

Lingine tuliligundua tulipokuwa tukirekebisha daftari la kudunduliza baada ya lile la Agosti. Tuliwaita watu mmoja mmoja kuhakiki kadi zao, na tukawauliza fedha wanaitoa wapi. Watu 9 kati ya wale 31 wa mwanzo hawakuwa watu wa pwani kabisa. Walikuwa wake za wakulima wa korosho kutoka vijiji vya karibu na mji. Fedha ya mnada inaingia akaunti yenye jina la mume, wakaeleza, na matumizi yake yanapangwa kwa bati, ada na pikipiki kabla wao hawajaulizwa. Walikuwa wakidunduliza kwa fedha ya kuuza mboga na ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa) iliyochemshwa, mafungu mafungu. Ndio wale wale niliowaona siku 12 nikiwa kwenye benchi, wanaobonyeza godoro kwa kiganja na kulikalia, kisha wanatoka nje kuzungumza.

Kwa msimu unaokuja Mama Duka ameshapata simu za makarani wa vyama vitatu vya msingi, na kirikuu hakitapakiwa kabla hawajasema fedha imetoka. Kitasimama mji wa wilaya, jirani na benki. Na daftari la kudunduliza limeongezwa ukurasa wa kina mama wa mashambani, wenye siku zao za kuleta, Jumamosi wanaposhuka sokoni na ming'oko.